Tundu la Kadi la Kamera Likiharibika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyakusanya mezani petu, katika karakana ndogo iliyo ghorofani karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, ambako wapiga picha wa harusi, wanafunzi wa uanahabari na wazazi walionunua kamera ya mtumba hutuletea kamera zinazokataa kadi ya kumbukumbu. Tumeyajibu kama tunavyomjibu mteja aliyesimama mbele yetu, ila tumeongeza maelezo ambayo foleni haituruhusu kuyatoa. Tutazungumzia hasa aina mbili za matundu: la kadi nene ya CompactFlash, ambayo wengi huiita CF, na la kadi nyembamba ya SD. Matundu hayo hayafanani, wala hayaharibiki kwa njia moja.

Kamera yangu inasema haina kadi, ilhali kadi imo ndani. Je, tundu limekufa?

Huenda limekufa, lakini usianzie hapo. Picha ihifadhiwe, vitu vitatu lazima vikubaliane: kadi, tundu na kifuniko cha tundu. Katika kazi yetu, kifuniko ndicho kinachosahauliwa zaidi. Kamera nyingi za Canon zina swichi ndogo iliyojificha ukingoni, na kifuniko kina jino la plastiki linaloibonyeza kinapofungwa. Jino hilo likikatika, kamera huamini kwamba kifuniko kiko wazi, nayo hukataa kufanya kazi hata kama kadi na tundu ni vizima kabisa. Tumewahi kupokea kamera iliyokwisha kufunguliwa kwingineko ili tundu libadilishwe, kumbe kilichohitajika kilikuwa kifuniko kingine tu, ambacho hukaa mahali pake kwa dakika chache.

Ukishakikagua kifuniko, jaribu kadi nyingine unayojua kuwa ni nzima, kisha usome kwa makini kile ambacho kamera inaandika. Kamera za Nikon zikionyesha [-E-], maana yake ni kwamba hazioni kadi yoyote, na hapo lawama huelekea tunduni. Zikionyesha CHA, kadi imetambuliwa lakini haitumiki, kwa hivyo kadi mbovu au chafu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Zikionyesha For, kadi haijafomatiwa kwa matumizi ya kamera hiyo. Kamera za Canon huandika Err 02 zinaposhindwa kuifikia kadi. Mteja anayetutumia picha ya kioo cha kamera kikiwa na maandishi hayo, kabla hajapanda matatu kuja mjini, huwa amefanya nusu ya kazi ya uchunguzi, na pengine ameokoa nauli.

Kamera inaandika kwamba kadi imefungwa, na mimi sijaifunga. Kuna nini?

Hili ni tatizo la SD peke yake. Kitufe kidogo cha plastiki kilicho ubavuni mwa kadi hakifungi chochote ndani ya kadi, bali ni alama tu inayosomwa na swichi iliyo tunduni. Kitufe kikidondoka au kikilegea hivi kwamba kinateleza kadi inapoingia, tundu huona pengo na kamera hukataa kuandika. Ziba pengo hilo kwa kipande chembamba cha selotepu uone. Kamera ikikubali, tundu lako ni zima. Hamisha picha zako, kisha ununue kadi nyingine, maana selotepu hiyo siku moja itabanduka ikiwa ndani. Kamera ikiendelea kukataa kadi tatu tofauti zenye vitufe vizima, basi swichi ya tundu imepinda au imeshika uchafu.

Kwa nini pini za tundu la CF hupinda?

Kadi ya CompactFlash, iliyoletwa na kampuni ya SanDisk mwaka 1994, ina vitundu 50 vilivyopangwa katika safu 2 za 25, na pini 50 zinazoingia humo zimesimama ndani ya kamera. Ni mpango ambao sisi mafundi hatujawahi kuupenda, kwa sababu sehemu laini inayopindika imewekwa katika mashine ya bei ghali, na sehemu ngumu ikawekwa katika kadi ambayo mtu anaweza kuitupa. Pini moja iko milimita 1.27 tu kutoka kwa jirani yake, nazo zote ziko chini kabisa ya tundu ambamo mwanga haufiki. Kamera kama Canon EOS 50D, EOS 7D, EOS 5D Mark II na Nikon D700 hutumia kadi hizo, na kwa kuwa ni kamera imara ambazo bado zinalisha familia nyingi mjini hapa, matundu yake ndiyo tunayoyaona mara kwa mara.

Kadi ya CF ina mifereji ubavuni inayoiongoza iingie ikiwa imenyooka, na mifereji hiyo haina upana sawa ili kadi isiingie kinyume. Hata hivyo, mtu mwenye haraka anaweza kujaribu kuiingiza kinyume au ikiwa imeinama kiasi cha kuzigusa pini, na hapo ndipo anapoisukuma. Kijana mmoja alituletea kamera Jumapili asubuhi baada ya ruracio (sherehe ya mahari) huko Kiambu, akiwa bado amevaa suti ya jana yake, akasema, "Fundi, niliisukuma kidogo tu." Tulipomulika ndani tukakuta pini tatu zimelala kama nyasi zilizokanyagwa, na ya nne imejikunja ikaigusa jirani yake. Kadi ya CF iliyonyooka huteleza yenyewe karibu mpaka mwisho, kisha hukaza kidogo katika milimita chache za mwisho. Ikikaza mapema kuliko hapo, itoe.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo ni kadi yenyewe. Kadi iliyoanguka, au iliyokaa katika kisoma kadi cha bei rahisi kisicho na mifereji mizuri, huweza kupata kitundu kilichoziba au kilichopasuka ukingo. Ukiitia kadi hiyo katika kamera, pini inayokabiliana na kitundu hicho hupinda hata kama mkono wako ulikuwa mpole. Mbaya zaidi, mpiga picha huichukua kadi hiyo hiyo na kuijaribu katika kamera ya pili, kisha katika kamera ya rafiki yake, na jioni tunapokea kamera tatu zenye pini moja iliyopinda mahali pamoja. Kabla ya kujaribu kadi ya CF katika kamera nyingine, igeuzie mwanga uhesabu vitundu, na usiitumie tena ukiona kimoja chenye umbo tofauti na vingine.

Je, ninaweza kunyoosha pini mimi mwenyewe?

Unaweza, ikiwa ni pini moja au mbili zilizoinama bila kukunjika, na ikiwa una subira. Tutaeleza tunavyofanya sisi, nawe upime kama mkono wako unaiweza.

Kwanza toa betri na kadi, uache kamera itulie, na ugusie chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli ulio mwilini uondoke, hasa katika miezi ya ukavu. Iweke kamera juu ya taulo, tundu likikutazama, na upate tochi ya kichwani pamoja na lenzi ya kukuzia. Tazama pini zote kabla ya kugusa hata moja. Utaona kwamba hazina urefu sawa, na hilo si kasoro: pini za umeme na za ardhi hufanywa ndefu kidogo ili zikutane na kadi kabla ya nyingine. Usijaribu kuzisawazisha. Kinachotakiwa kuwa sawa ni safu, yaani ukitazama kutoka upande mmoja, pini zijipange kama milingoti ya stima barabarani.

Kifaa bora kwa kazi hii hakiuzwi katika duka la mafundi. Ni kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile ya milimita 0.5 au 0.7, ikiwa imetolewa risasi yote. Mdomo wake wa bomba huivaa pini kwa juu kama kofia. Ivishe pini mpaka karibu na shina lake, kisha uilete wima polepole sana kwa mwendo mmoja, ukisimama kila mara kutazama. Kibano chenye ncha kali ni cha kutumia mwanzoni tu, pini ikiwa imelala kabisa na bomba haliwezi kuivaa, na hata hapo tunaiinua kidogo tu kisha tunarudi kwenye kalamu. Pini huvumilia kupindwa mara moja na kunyooshwa mara moja. Ukiipeleka upande huu, ikapita kiasi, ukairudisha, ukaipeleka tena, utasikia ulaini wa ghafla mkononi, na ulaini huo ndio mwisho wake. Mwandishi wa majibu haya aliuhisi kwa mara ya kwanza akiwa mwanagenzi, katika kamera ya mtu aliyekuwa anamngoja nje, na hajausahau.

Ukimaliza, usiijaribu kwa kadi ya zamani iliyoleta balaa. Tumia kadi mpya au nzima, uiingize bila kuikaza mpaka uhisi kama inaingia sawa pande zote mbili. Ikiingia lakini kamera isiitambue, tazama pembe: pini namba 25 na 26, zinazoijulisha kamera kwamba kadi imefika, ziko katika pembe mbili zinazokabiliana kimshazari, kwa hivyo kadi iliyokaa upande mmoja juu haitambuliki.

Pini imevunjika. Je, inaweza kulehemiwa?

Hapana, si kwa namna itakayodumu. Wapo wanaochomeka kipande cha waya mahali pake, na kwa siku chache kinafanya kazi, kisha hutoka pamoja na kadi au huangukia pini nyingine na kuleta shoti. Pini iliyovunjika inamaanisha kubadilisha tundu zima, au ubao mdogo unaolibeba katika kamera zilizoundwa hivyo. Ukiambiwa vinginevyo, uliza ni muda gani kazi hiyo inahakikishiwa.

Kadi ya SD haikai ndani. Nikiibonyeza inaruka nje. Tatizo ni nini?

Tundu la SD halina pini za kuchoma. Kadi yenyewe ina vibati 9 bapa, na tundu lina vikono vya shaba vyenye mnyumbuko vinavyoparuza juu yake. Kadi zenye kasi ya UHS-II zina safu ya pili, na kwa jumla hufika vibati 17. Kinachoishika kadi isitoke ni springi pamoja na kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka katika mfereji wenye umbo la moyo: bonyezo la kwanza hukifungia katika bonde la moyo huo, la pili hukifungua. Kijiti hicho kikitoka mferejini, au mchanga ukiingia, kadi hairudi kukaa.

Kabla ya kulilaumu tundu, jaribu kadi ambayo haina kibandiko kilichovimba, kwa sababu unene wa kadi ya SD ni milimita 2.1 na makaratasi yaliyobandikwa juu yake huongeza msuguano. Ikiwa hata kadi safi hairudi kukaa, na hasa ikiwa unasikia kitu kikicheza ndani, kijiti kimetoka. Tunaweza kukirudisha bila kubadilisha tundu ikiwa bamba la juu linafunguka, lakini kusema kweli, springi iliyochoka itachoka tena. Usiifunge kadi ndani kwa kuikandamiza na kifuniko cha betri kama tulivyoona baadhi ya wateja wakifanya. Shinikizo hilo huvipinda vikono vya shaba, na tatizo la springi likageuka kuwa tatizo la tundu zima.

Kuna kitu kimekwama ndani ya tundu. Nifanyeje?

Kitu hicho mara nyingi ni kipande kilichopasuka cha adapta ya maikro SD (ganda linalovishwa kadi ndogo ili itoshe tundu la SD), kibandiko cha kadi, au sarafu iliyotiwa na mtoto. Toa betri mara moja, kwa sababu sarafu ni chuma, na ugeuze kamera tundu likiwa chini, uigonge polepole kwa kiganja. Usitumie sumaku, pini ya nywele wala gundi ya haraka iliyopakwa kwenye njiti. Tumezoa gundi ya namna hiyo kutoka katika vikono vya shaba, na mteja akalipa zaidi kuliko ambavyo angelipa kwa kile kipande cha kwanza. Ikiwa kitu hakitoki kwa uzito wake chenyewe, kiache hapo hapo na uje nacho.

Kuhusu adapta, maoni yetu ni makali kidogo: kwa kamera unayoitumia kazini, nunua kadi ya SD kamili. Adapta ni maganda mawili ya plastiki yaliyobandikwa pamoja, na yanapoachana huachana ndani ya tundu.

Vumbi na unyevu vinaweza kuliharibu tundu?

Vinaweza, tena polepole bila kelele. Kamera zilizofanya kazi muda mrefu Mombasa au Lamu hutufikia zikiwa na rangi ya kijani kwenye shaba kwa sababu ya hewa ya chumvi, na za Nairobi huja na vumbi jekundu lililochanganyika na mafuta ya vidole. Pulizia tundu kwa kipulizio cha mpira, wala si kwa mdomo, kwa kuwa mate ni maji yenye chumvi. Vibati vya kadi waweza kuvisugua taratibu kwa kifutio laini cha penseli, kisha uvifute kwa kitambaa, lakini kifutio hicho kisiingie tunduni, kwa kuwa chengachenga zake ndizo tutakazokuja kuzitoa. Ndani ya tundu tunatumia spiriti ya isopropili safi ya asilimia 99 kwenye brashi yenye nywele chache, tukiacha ikauke kabisa kabla ya betri kurudi. Dawa za kupulizia kutu, zile za gereji, hazifai hapa. Huacha mafuta yanayonasa vumbi zaidi.

Nimepiga picha za harusi ya watu na sasa kadi haisomeki. Zimepotea?

Mara nyingi hazijapotea. Tundu lililokatika mawasiliano katikati ya kuandika huacha orodha ya mafaili ikiwa imevurugika, ilhali picha zenyewe bado zimelala ndani ya kadi. La muhimu ni kutoandika chochote zaidi: usifomati hata kamera ikikuomba, usipige picha nyingine ya kujaribu, na usikubali kompyuta iirekebishe kadi. Kwa SD sukuma kile kitufe cha ubavuni upande wa kufunga, kisha uitie kadi katika kisoma kadi kizuri. Programu ya PhotoRec, ambayo ni ya bure, hutafuta picha kwa kuzitambua zenyewe bila kutegemea orodha iliyovurugika. Iamuru ihifadhi inachokipata katika diski ya kompyuta, kamwe si katika kadi hiyo hiyo. Majina ya mafaili na mpangilio wake hautarudi, kwa hivyo jiandae kuzipanga upya.

Nitajuaje kama tatizo ni tundu au ni kadi bandia?

Kadi bandia hujitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyo nayo. Picha za mwanzo hutoka vizuri, kisha baada ya kiwango fulani zinazofuata hukatika nusu, zikawa za kijivu, au hazifunguki kabisa. Tundu bovu halihesabu picha namna hiyo; hukatisha mawasiliano wakati wowote, hasa kamera inapotikiswa au unapoigusa kadi. Programu za bure H2testw na F3 huijaza kadi mpaka ukingoni kisha huisoma tena, na hukuambia ukweli wake. Ifanyie kadi jaribio hilo siku unayoinunua, ukiwa bado na risiti.

Kubadilisha tundu zima kunahusisha nini?

Kunahusisha kuifungua kamera karibu yote, na ndiyo maana kazi hii tunaikubali kwa uangalifu. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba wa kiwango cha Japani, JIS, ambao unafanana na msalaba wa kawaida lakini si mmoja. Bisibisi isiyofaa hukikwangua kichwa cha skrubu mpaka kikawa bakuli. Baada ya ganda kutoka, tunakutana na nyaya bapa mithili ya utepe, kila moja ikiwa na kufuli lake dogo la plastiki, na utepe ukichanika hakuna kuunga.

Kisha kuna hatari inayomhusu fundi mwenyewe. Kamera yenye fleshi yake ya ndani huwa na kapasita inayohifadhi umeme wa volti zipatazo 300, na umeme huo huweza kubaki humo hata baada ya betri kutolewa. Tunaumaliza kupitia rezista kabla ya kidole kuingia ndani. Ikiwa umefikiria kuifungua kamera ndogo ya mfukoni mezani kwako kwa kutazama video tu, sentensi hizi mbili ndizo tunazokuomba uzisome tena.

Tundu lenyewe limelehemiwa juu ya bodi kwa miguu midogo iliyosongamana na vibati vya pembeni vinavyolishikilia. Lehemu isiyo na risasi, ambayo hutumika katika kamera nyingi za miaka ya karibuni, huyeyuka karibu na nyuzi 217 za Selsiasi, na ile ya zamani yenye risasi ya uwiano wa 63 kwa 37 huyeyuka kwa nyuzi 183. Kwa hivyo hupaka flaksi (dawa inayosaidia lehemu kutiririka), tukaongeza kwanza lehemu ya risasi kwenye miguu ili mchanganyiko uyeyuke mapema, tukavifunika vipande vya jirani kwa utepe unaostahimili joto, kisha tukapuliza hewa moto kwa bloa mpaka tundu lijiachie lenyewe. Halivutwi. Fundi akilivuta kabla halijajiachia, huondoka na vinjia vya shaba vya bodi, na hapo kazi ya saa mbili inakuwa kazi ya siku mbili, au kamera inageuka kuwa mzoga. Vipande vinavyolizunguka tundu vina ukubwa wa mbegu ya ufuta, na kimoja kikipeperushwa na bloa huenda usijue kilitoka wapi. Ndiyo maana tunapiga picha ya bodi kabla ya kuanza, na ndiyo maana pia hatufanyi kazi hii siku ambayo stima inapotea na kurudi.

Kwa nini gharama ni kubwa ilhali kipuri ni kidogo?

Unalipia mikono na saa, wala si kipuri. Tundu la SD lenyewe ni bei ya chakula cha mchana, lakini kuna matundu yanayofanana kwa sura yenye miguu iliyopangwa tofauti, hivyo lazima lipatikane la kamera hiyo hasa. Mara nyingi tunalitoa katika kamera ya aina hiyo hiyo iliyokufa kwa sababu nyingine. Tusipoipata, tunaagiza, na kuagiza huchukua majuma kadhaa. Ushauri wetu ni huu: ikiwa jumla ya matengenezo inazidi nusu ya bei ya kamera kama hiyo ya mtumba, tafuta ya mtumba, na hii ubaki nayo kwa vipuri. Kamera yenye thamani ya kumbukumbu ya mtu ni jambo jingine, na hapo hatumshauri mtu.

Nina kazi kesho asubuhi na tundu limekufa leo. Nifanye nini?

Ikiwa kamera ina matundu mawili, kama vile Canon EOS 5D Mark III yenye CF na SD, au Nikon D7000 yenye SD mbili, ingia kwenye menyu uchague tundu lililo zima na usiliguse lile bovu. Angalia tu kwamba hakuna pini iliyoigusa nyingine katika tundu bovu, maana shoti upande mmoja inaweza kuizuia kamera nzima kuwaka.

Ikiwa tundu ni moja, kamera nyingi za lenzi za kubadilishwa huweza kupiga picha zikiwa zimeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na picha zikaingia moja kwa moja katika diski ya kompyuta. Canon ina programu yake ya EOS Utility, na wenye Nikon wanaweza kutumia digiCamControl, ambayo ni ya bure. Kwa picha za studio, pasipoti au bidhaa za dukani njia hii inatosha kabisa, na tunamjua mpiga picha aliyefanya hivyo miezi mingi akisubiri kipuri. Kwa harusi haifai. Utamfuata bibi harusi ukiburuta waya. Azima kamera.

Kamera yangu ndogo inapiga picha bila kadi. Zinaenda wapi?

Zinaenda katika kumbukumbu ya ndani, ambayo katika kamera hizo hutosha picha chache tu. Zihamishe kwa waya wa USB kabla hujatuletea kamera.

Nije na nini, na picha zangu zitaonekana na nani?

Njoo na kamera, betri iliyojaa, waya wake wa USB, na kadi ile ile iliyokuwemo tatizo lilipotokea, kwa sababu bila kuiona kadi hatuwezi kujua kama ndiyo iliyozipinda pini. Ikiwa kadi hiyo ina picha za wateja wako, zihamishe kwanza, au utuambie ili tuitazame kwa nje tu, vitundu na vibati vyake, bila kuifungua katika kompyuta yoyote. Picha ambamo mtu anatambulika ni data yake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe uliyezipiga kama inavyotuhusu sisi tuliozishika. Katika kazi ya kawaida ya tundu tunajaribu kwa kadi zetu wenyewe.

Omba stakabadhi inayotaja namba ya kamera na hali iliyokuwa nayo ulipoileta, hata usipokuja kwetu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, lakini bila karatasi mabishano ya mezani huwa neno lako dhidi ya neno la fundi.

Baada ya kutengenezewa, nitumie tundu vipi lisiharibike tena?

Kwa tundu la CF lililonyooshwa pini, jibu letu huwashangaza wateja: usitoe kadi. Nunua kadi moja yenye nafasi ya kutosha, iache ndani, na uhamishe picha kwa waya wa USB. Utachelewa kidogo kuliko ukitumia kisoma kadi, lakini pini zilizokwisha kupindwa mara moja hazitaguswa tena. Kwa SD, toa kadi kwa kuibonyeza ijitokeze yenyewe, si kwa kuikwangua na kucha, na usiitoe wakati taa ndogo ya kuandika bado inawaka. Mpe msaidizi wako betri zilizokwisha azijaze, lakini kubadilisha kadi katikati ya sherehe kuwe kazi yako.

Je, mnanunua kamera ambayo tundu lake haliwezi kutengenezeka?

Tunanunua, ikiwa shata (pazia linalofunguka picha inapopigwa), kioo cha nyuma na bodi bado ni vizima. Bei hutegemea vipuri vinavyotakiwa wakati huo, na utaambiwa tukiwa tumeifungua mbele yako. Toa kadi na kamba ya shingoni kabla ya kutuachia. Watu wengi husahau kamba, kisha hurudi kuifuata.